Sahani ya Régine

Ndugu zetu wa Ajia, Manibe na Koboko, padri wetu, sheikh wetu, na nyinyi wawili tusiowajua, mliotumwa kutusikiliza, mliovaa miwani ya jua chini ya turubai, karibuni. Ninayesoma hapa ni Ezati, mtoto wa Ayikoru dada yake marehemu, na kwa desturi yetu mtoto wa dada ana ruhusa ya kusema msibani yale ambayo wenye boma wanayameza, kwa hiyo tulieni.

Marehemu Basile Adriko alizaliwa Ajia tarehe 4 Machi 1928, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la sita, baba yake akafariki, naye mwaka 1947 akavuka kwenda Congo kutafuta kazi, akajifunza huko ufundi wa gramafoni na redio, kazi aliyoifanya mpaka mwisho, si kama mimi graduate ambaye digrii yangu inakula vumbi sandukuni.

Tarehe 18 Julai 1953 alifunga ndoa kanisani na Régine, mwimbaji wa kwaya, na mwaka 1955 mfanyabiashara mmoja mwenye mashine ya kunasa sauti akamrekodi nyimbo mbili kwenye sahani moja ya santuri, zikatolewa nakala chache tu, na ile yao ikapotea mwaka 1964 walipokimbia vita kuja Arua. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Viktoria, aliyezaliwa Onduparaka tarehe 2 Mei 1969, kisha Régine akafariki tarehe 21 Novemba 1971 bila kuacha hata picha, kwa hiyo mtoto hakuwa na chochote cha mama yake, nothing.

Hapo mjomba akaanza kutafuta. Wahindi walipoondoshwa mwaka 1972 na vitu vyao kumwagwa minadani, nyinyi mligombania friji na mazulia, yeye akapiga magoti kwenye marundo ya santuri, akizipuliza vumbi, akisoma karatasi ya katikati ya kila moja, akaokota nyingine adimu ambazo watu wa Kampala walizifuata mpaka mlangoni kwake, nanyi mkamcheka, "Basile, utakula hizo sahani?" Jumamosi tarehe 9 Oktoba 1976, sokoni Koboko, Mama Afisa, mke wa askari, alikuwa anauza vyombo vilivyotumika, akamwambia, "Mzee, hii iko kelele ya Bakongo tu, beba yote," na chini kabisa ya rundo, mwenye karatasi ya buluu na ukingo uliomeguka, alikuwa Régine. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya misa, Viktoria alikaa mbele ya gramafoni akimsikiliza mama yake, na mimi nilikuwepo, mtu asinidanganye.

Februari mwaka huu wa 1978 kifua kilimbana, akalazwa hospitali hapa Arua, akatoka, akarudishwa, na Alhamisi tarehe 10 Agosti, alfajiri, akafariki.

Sasa sikilizeni. Marehemu akiwa bado anapumua kitandani, wewe Mjomba Candia, mdogo wake wa tumbo moja, with all due respect, ulivunja kufuli la chumba chake kwa shoka, ukasema hayo ni matakataka ya Kongo, ukawagawia wake zenu santuri zote, nao wakazipasha juu ya makaa mpaka zikalainika, wakazikunja kuwa mabakuli. Hamkumwuliza, kwa sababu mioyoni mlishamzika. Waombolezaji, karanga mlizokaribishwa jana mlizila ndani ya santuri za marehemu. Nami nilizila, mpaka zilipokwisha nikaona chini ya bakuli langu karatasi ya buluu, na ukingo uliomeguka.

Hakuna fundi wa kulinyoosha, na fundi pekee ambaye angejaribu yumo ndani ya jeneza hili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Onduparaka mliomchotea maji, mafundi wenzake, na wewe Mama Afisa uliyetembea kutoka Koboko, awa'difo, melesi, shukran. Wewe Mjomba Candia, shukrani yako sina.

Desturi inampa mtoto wa dada kitu kimoja atakachochagua katika nyumba ya mjomba wake. Nimechagua bakuli, ni hili, Viktoria njoo ulichukue, ni lako.

Pumzika, mjomba. Hakuna atakayekula tena ndani ya sauti ya mke wako.