Sista Geuza na Zamu za Mtaa Mzima

"Sasa si tayari ni nesi? Anataka kuwa nesi mara ya pili?"

"Acha ushamba, mshona nguo. Anakwenda kuchukua shahada."

"Shahada ya nini, na mjukuu anamwita bibi? Mama mkwe wake kalala kitandani, mkono wa kushoto haujui kama ni wake, halafu yeye abebe begi akakae darasani na watoto wa watu!"

"Na wewe umekalia hiyo cherehani tangu asubuhi. Sketi yangu iko wapi?"

Wasikilizaji wapendwa, maneno hayo yalirushwa juu ya kamba ya nguo, kati ya mshona nguo na msusi, majirani wa ukuta kwa ukuta. Aliyekuwa akisemwa alikuwa pale pale, nyuma ya shuka aliyokuwa akiianika. Aliyasikia yote. Alibana kibanio cha mwisho, akachungulia pembeni ya shuka, akasema, "Mkimaliza kikao, mniambie nimeamua nini."

Huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Muuguzi, na baadaye mwalimu wa wauguzi. Hospitali nzima ilimwita Sista Geuza. Ametutoka wiki iliyopita, baada ya moyo kumsumbua kwa muda mfupi. Narudia, kwa ajili ya aliyefungua redio sasa hivi: Sista Geuza ametutoka.

Jina hilo alilipataje? Turudi nyuma kidogo.

Baba yake alikuwa fundi mwashi, mtu wa kelele na utani. Alipoingia mahali, ulijua kaingia. Siku moja kiharusi kikamwangusha kazini. Akarudishwa nyumbani nusu ya mwili haimtii. Familia ikamlaza ubavu, ule usiomuuma, uso ukiangalia ukutani. Nyumba ikajaa watu, na kila aliyeingia aliingia kwa kunyata. Mito ikapangwa. Redio ikazimwa. Amri ikawa moja: msimguse, anaumia.

Mlinzi wa amri hiyo alikuwa binti yake, huyu huyu tunayemzungumzia. Alikuwa amemaliza shule, akimsaidia shangazi yake dukani. Nesi wa zahanati alipokuja kumtazama mgonjwa, binti alisimama mlangoni, mikono kaitandaza kama golikipa.

"Dada, baba amelala vizuri. Muache apumzike."

"Analala upande huo huo siku zote?"

"Ndio anaoupenda."

Nesi akaondoka. Baada ya muda, chumba kikaanza kutoa harufu. Wakafunua shuka. Nyama juu ya mfupa wa nyonga ilikuwa imeoza kwa kulaliwa. Watu wote wale, mapenzi yote yale, na hakuna aliyemgeuza.

Nesi akarudi. Hakusema "si niliwaambia." Alivua saa, akanawa mikono, akamwita mlinzi. "Wewe, njoo ushike bega."

Baba alipiga ukelele. Binti akaachia.

"Shika," nesi akasema. "Mpe pole, lakini usiachie."

Wakamgeuza. Yule mzee akatulia. Kwa muda wote ule alikuwa ameutazama ukuta mmoja tu, sasa akauona wa pili. Mdomo umepinda, maneno yanatoka nusu nusu. "Huu ukuta… nani kaupiga lipu?"

"Ni wewe, baba."

"Nilikuwa na haraka."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Binti alicheka huku machozi yakimtiririka.

Dada yake mdogo alituambia hivi: "Jioni ile aliniambia, nataka kazi ya yule dada. Nikamuuliza, kazi ya kufuta watu vinyesi? Akasema, hata hiyo. Basi nikajua ameshakwenda, huyo hakuna wa kumrudisha."

Kile kidonda kilichukua muda mrefu, lakini kilifunga. Mzee akaishi, akawatania wageni kitandani hadi siku zake zilipofika. Na binti akaingia chuo cha uuguzi. Bayolojia ilimtoa jasho. Aliurudia mtihani, akaulaani, akaurudia tena. Akafaulu. Akavaa gauni jeupe, akaingia wodini na neno moja mdomoni: geuza. Huyu ageuzwe. Yule kageuzwa lini? Wagonjwa ndio waliomwita Sista Geuza, tena wengine kwa kununa.

Lakini hapa, wasikilizaji wapendwa, ndipo kisa chetu kinapokolea.

Asubuhi moja, akiwa muuguzi wa miaka mingi, mwenye jina na heshima zake, alimkuta mzee mmoja kalala chali, miguu imetenganishwa kwa mto. Moja kwa moja akautoa ule mto, akashika bega. Alikuwa tayari kumlaza ubavu.

"Simama hapo hapo!" Ni matroni, kutoka upande wa pili wa wodi. "Nyonga ya huyo imebadilishwa jana. Ukimkunja hivyo, unaichomoa. Rudisha mto."

Akaurudisha. Hakujitetea. Aliuliza kitu kimoja, "Matroni, kwa nini?"

Matroni akamweleza juu juu, ana wodi nzima inamsubiri. Sista akauliza tena, na tena, hadi matroni akachoka. "Mama, hayo maswali yako yana chuo chake. Nenda kayasome."

Msusi, ambaye hakuna siri ya mtaa isiyopita kwenye kitana chake, anasema siku ile Sista alikuja kusukwa akakaa kimya. "Nikajua kuna jambo. Huyu mama kukaa kimya! Mwisho akaniambia, shoga, mikono yangu inajua, lakini kichwa hakijui kwa nini. Siku moja nitamuumiza mtu."

Akaomba nafasi ya shahada. Akaipata. Na kabla hajaanza, mama mkwe wake akaanguka. Kiharusi, kama baba.

Kikao kikakaa sebuleni. Mume wake, dereva wa lori, mtu wa maneno machache, alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Wifi yake ndiye aliyekuwa na maneno.

"Nafasi gani ya chuo? Nesi tunaye humu ndani. Tutafute mwingine wa nini?"

"Wifi, nafasi haitanisubiri."

"Na mama akusubiri?"

"Mama asisubiri hata kidogo. Ageuzwe kila baada ya saa mbili. Wewe una mikono?"

Wifi akarudi nyuma hatua moja. "Mimi? Mimi naogopa kumuumiza."

Sista Geuza alimtazama, hakumcheka. Maneno kama hayo aliwahi kuyasema yeye mwenyewe, mlangoni kwa baba yake.

Ndipo sauti ikatoka chumbani. Mgonjwa alikuwa ameyasikia yote, masikio hayakupooza. "Mkwe! Nenda darasani. Ukibaki hapa kunitazama, nitakufa kwa kutazamwa."

Basi kesho yake Sista akavuka kamba ya nguo. Akawaita mshona nguo na msusi, wale wale wa kikao cha mtaa. "Nyie mna muda wa kunisema. Njooni niwape kazi."

Somo la kwanza, mshona nguo alilazwa kitandani awe mgonjwa. "Polepole jamani! Mimi si godoro la kuanikwa!" Msusi akasema godoro lingekuwa jepesi. Mama mkwe, kwenye kiti chake pembeni, alicheka hadi akakohoa. Wakajifunza kuweka mto katikati ya magoti, kutazama kisigino, kutazama mgongo. Lakini Sista hakuishia hapo. Kila akirudi kutoka chuoni alikuja na "kwa nini" mpya, na kuwafundisha hapo hapo. Kwa nini damu haipiti nyama ikibanwa. Kwa nini mgonjwa avutwe kwa shuka, asiburutwe. Mshona nguo siku hizi anaeleza mzunguko wa damu akikupima kiuno.

Zamu zikapangwa. Ugomvi haukukosekana. Fulani kachelewa, fulani kaingia na mafuta ya nywele mikononi. Mume naye alishika zamu yake kila aliporudi safarini. Na Sista akasoma. Alisoma akiwa amechoka, alisoma akiwa amenuniwa na mawifi, alisoma macho yakihitaji miwani mipya. Mara mbili alitaka kuacha. Mara zote mbili aliamka asubuhi akabeba begi.

Akamaliza. Narudia: akamaliza. Kisha chuo kile kile kikamwita afundishe.

Mwanafunzi wake mmoja anakumbuka darasa lake la kwanza. Sista aliwauliza kwa nini wamekuja kusoma uuguzi. Wote wakajibu kwamba wanawapenda wagonjwa. Akaweka chaki mezani. "Mimi nilimpenda baba yangu hadi akaoza nyonga. Mapenzi yenu nimeyasikia. Sasa niambieni mnataka kujua nini."

Wasikilizaji wapendwa, kipindi hiki kinampa pole mume wa marehemu, watoto, wajukuu, mdogo wake na wifi zake. Kinampa pole mama mkwe wake, ambaye yu hai hadi leo, ngozi nzima, hana kidonda hata kimoja. Tunawapa pole wauguzi wenzake na wanafunzi wake. Na wewe unayesikiliza, unayetaka kuingia kazi hii, au uliyeko kazini na unasitasita kurudi darasani kwa sababu ya umri au maneno ya watu: jiulize leo, kuna mgonjwa gani anayesubiri kitu ambacho bado hujakijua? Ukishampata huyo, hayo mengine yatajadiliwa kwenye kamba ya nguo.

Tulifika nyumbani kwake siku ya mazishi, watu wakiwa wametoka makaburini. Masufuria yalishaepuliwa. Saa ya kumgeuza mama mkwe ikafika, msiba au si msiba. Msusi akashika miguu, mshona nguo akashika kiuno. Upande wa kichwani, penye bega, hapakuwa na mtu. Kila siku yake ya mapumziko, hapo ndipo aliposimama Sista.

Wifi alikuwa mlangoni. Miaka yote alikuja kumwona mama yake, na miaka yote aliishia pale mlangoni.

"Wifi, bega," akasema mshona nguo.

"Nitamuumiza."

"We mtoto," mama akasema kutoka kitandani, "mimi niliumia nilipokuzaa, na hukunipa hata pole. Shika!"

Wifi akaenda kunawa. Akarudi, akashika bega. Uso umemkunjamana, macho ameyafumba, lakini mikono haikuachia. Wakamgeuza mama taratibu hadi akatulia juu ya mto, akashusha pumzi ndefu.

"Mikono yako ina baridi," akasema. "Umekula?"

"Bado, mama."

"Basi lete sahani yako humu ndani. Njoo ukae hapa kitandani, mwanangu, tule."