Kamba Alizoshika Justin Tesha

Ndugu waombolezaji, mimi ni Generosa, dada mdogo wa marehemu, mkazi wa hapahapa London. Wifi yangu Dinah ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu, anasema, mimi ndiye niliyebishana na kaka kuliko wote. Ni kweli.

Kaka yetu Justin Tesha alizaliwa tarehe 9 Agosti 1948, Mkuu, Rombo, mtoto wa tatu wa mzee Prosper na mama Anastazia. Alisoma shule ya msingi palepale Mkuu, kisha useremala Moshi mjini, 1964 hadi 1967. Jumamosi alikuwa akitoroka kwenda kutazama sinema za makauboi. Akirudi anachapwa, naye anacheka: "Steringi hafi!", yaani mhusika mkuu wa sinema hauawi. Neno hilo alituimbia mpaka tukalichoka.

Alifika London Septemba 1974 kuendelea na masomo ya useremala, akabaki. Tarehe 5 Juni 1976 alifunga ndoa na Dinah, muuguzi kutoka Kibosho, Mungu akawajalia Gladness na Godlisten. Kitanda cha ndoa alikiunda mwenyewe humohumo chumbani, na walipohamia Wembley hakikupita mlangoni. Fundi mzima! Alikikata kwa msumeno huku Dinah akimwimbia pambio.

Kuanzia 1983 alikuwa seremala wa studio ya sinema. Kazi iliyompa sifa, na kumnyima raha, ilikuwa sinema ya makauboi ya mwaka 1996. Jina la sinema hiyo halitajwi nyumbani kwake, nami silitaji. Hurudiwa kwenye televisheni kila Krismasi.

Lile jangwa mnaloliona ni shimo la kokoto nje ya London, mwezi Novemba, mvua inanyesha. Mchanga uliletwa kwa malori. Waigizaji walimung'unya barafu ili mvuke usiwatoke mdomoni, maana jangwani ati kuna joto. Justin na wenzake walijenga mji mzima wa upande wa mbele tu. Ukizunguka nyuma ya benki unakuta mbao za kuegemeza. Mbao mpya walizichapa minyororo zionekane za zamani. Lakini jeneza Justin alilitengeneza kwelikweli, kwa sababu hakujua kufanya kitu nusu. Na kaburi lilichimbwa futi sita, ili kamera ione chini.

Mwongozaji alitaka kamba zikaze sawasawa jeneza likishushwa. Walijaza mifuko ya mchanga, ikateleza na kugonga. Basi aingie mtu. Mwigizaji mkuu wa kike akakataa, wala simlaumu. Gladness wetu, miaka kumi na tisa, aliyekuwa hapo kuwapaka waigizaji vumbi usoni, akasema ataingia yeye. Baba yake hakuwepo. Alikuwa akivalishwa koti jeusi na kofia, kwa kuwa walihitaji wanaume wanne wa kushika kamba na yeye alilijua jeneza lake. Alidhani ndani bado mna mchanga. Alimshusha binti yake kaburini kwa mikono yake mwenyewe, na mtu akatupia makoleo mawili ya udongo.

Kifuniko kilipofunguliwa Gladness alitoka anacheka. Justin alikaa chini kwenye matope na lile koti la watu.

Kwetu Rombo, kaburi likishachimbwa haliachwi kulala wazi, wala halifukiwi tupu. Asipozikwa mtu, huzikwa mgomba. La sivyo litamtafuta mtu wake, na wa kwanza kutafutwa ni yule aliyelionja. Jumatatu asubuhi Justin alikwenda Neasden kwa Pradip, mzaliwa wa Moshi, anayeuza migomba ya kupamba harusi za Kihindu. Pradip alimkatia shina, akamsaidia kulipandisha kwenye basi. Alipofika kwenye shimo la kokoto, tingatinga lilikuwa limeshasawazisha mji wote. Alizunguka na mgomba begani akitafuta kaburi lilipokuwa, hadi walinzi wakamtoa.

Nilimwambia, "Kaka, acha ushamba, ile ni sinema. Si wewe wa steringi hafi?"

Akanijibu, "Generosa, steringi wao alikataa kuingia."

Miaka kumi aliishi akiogopa simu. Gladness akikohoa, baba yuko mlangoni kwake Walthamstow. Alimkataza kupanda ndege, alimkataza kujifunza gari. Siku Gladness alipojifungua, baba alisimama koridoni hospitalini tangu asubuhi, akakataa hata chai. Januari 2006 Gladness alichoka, akamwambia kwa Kiingereza kwamba anamzika kila siku akiwa hai. Hawakusemeshana miezi kumi na minne, na mimi, Mungu anisamehe, nilimuunga mkono mtoto.

Tarehe 12 Machi 2007 daktari alituita sisi watatu: Justin, Dinah na mimi. Saratani ya kongosho, imeshasambaa. Dinah alilia kwa sauti. Justin akamuuliza daktari, "Ni mimi? Una hakika ni mimi?" Daktari alidhani hakuelewa, akarudia polepole. Kaka yangu akashusha pumzi, akanishika mkono. "Ahsante Mungu. Mpigie Gladness. Mwambie sasa ajifunze gari."

Nililia siku ile kuliko leo. Gladness alikuja jioni ileile kwa treni, na Septemba alipata leseni. Akawa anampeleka kliniki mwenyewe, na kaka anasinzia kiti cha mbele bila wasiwasi wowote. Alifariki nyumbani Wembley, Jumanne tarehe 6 Novemba 2007, saa nne asubuhi, Gladness akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Dinah. Watoto wawili, Gladness na Godlisten. Mjukuu mmoja, Placida, mwenye miaka minne. Na dada mmoja, mimi. Bwana amlaze kaka yetu mahali pema, amani isiyo na hofu iwe yake.

Nawe Gladness, unamjua shangazi yako, si mtu wa kuamini mambo haya. Lakini ofisi ya makaburi imetuambia huku huchimba siku moja kabla, kwa hiyo ninaposoma haya kaburi hili litakuwa limelala wazi usiku kucha. Sogea nyuma kidogo, mama, toka hapo ukingoni. Na mtoto mshike mkono.