Saruji na Ukuta wa Jumba la Kifalme

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka fundi mwashi tuliyemzika Ijumaa, yule mliyemzoea kwa jina la utani, Saruji. Tunamkumbuka pamoja na jumba la kifalme, maana huwezi kumtaja mmoja ukamwacha mwenzake.

Jumba lenyewe ni ghorofa tatu za mawe na chokaa. Kuta nene, mtu mzima hujinyoosha dirishani akalala. Katikati uwanja wazi, unaopeleka upepo mpaka vyumba vya ndani. Wafalme waliondoka, zikaingia ofisi, kisha ghala, kisha popo.

Saruji alipopewa kazi ya kulikarabati alikuwa kijana, hodari, na mdomo anao. Akaamua kupiga plasta ya saruji juu ya chokaa. Mama yake, aliyewahi kuchekecha chokaa pale pale, alimwonya: "Mwanangu, ukuta huu unapumua. Usiuzibe pua."

Akacheka. "Mama, ukuta una pua? Basi tuununulie leso!"

Kuta zikapendeza. Lakini unyevu ulikosa pa kutokea, chokaa ikaoza ndani kwa ndani. Mvua kubwa ilipokuja, ukuta wa ukumbi wa baraza ukaanguka. Ulimwangukia mdogo wake Saruji, aliyekuwa akipaka rangi. Alitolewa hai, lakini mguu ulikatwa.

Mdogo mtu anasema: "Nilimsamehe pale pale hospitalini. Nikamwambia, kaka, ni ajali. Akanijibu, ajali haipigi hodi. Hii ilipiga, nikaicheka."

Wasikilizaji wapendwa, alisamehewa siku ile ile. Hakupokea. Alirudi jumbani, akabandua saruji yake kwa patasi, chumba baada ya chumba, mpaka uzeeni. Mjane wake anakumbuka: "Nikimwambia apumzike, ananiuliza, mdogo wangu anapumzika kwa mguu upi?"

Ukumbi ulijengwa upya, kwa chokaa. Siku ya kufunguliwa, fundi alibaki nje juani. Mdogo wake akamfuata kwa magongo. "Kaka, mimi wa magongo nimefika. Wewe mwenye miguu miwili umekwama wapi?"

Watu wakacheka. Fundi akalia. Akaingia, akaugusa ukuta, akatoka.

Makaburini, mdogo mtu aliniambia neno moja: "Kila alipokuja kwangu, alikuja kuomba radhi. Mimi nilikuwa nataka tupige soga tu."

Kwa mjane, watoto na mdogo wa marehemu, poleni sana. Mola awape subira. Nawe unayetusikiliza, kama kuna mtu alikwisha kukusamehe, mwamini. Nenda kwake leo, ukae, mnywe chai.