Vidole vya Mbarka

Pale Kairuani, nyuma ya soko la mazulia, kuna benchi la mkahawa lenye wenyewe. Alasiri ile walikuwa watatu: Lamjid, fundi pikipiki, Wizara, aliyefagia wizarani miaka miwili akatoka na siri zote za serikali, na Tende, muuza vileja vya tende asiyekula tende. Lamjid alikuwa na habari. Mkewe Mbarka, mfumaji, amevimba vidole vya mikono yote miwili, na zulia la watu limesimama nusu. Daktari kasema ni baridi yabisi.

— Basi jibu si limo kwenye jina? akasema Wizara. Anafulia maji gani?

— Ya bomba.

— Umeona. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Yeye kaogesha vidole tu.

— Si maji, akasema Tende. Ni sufu. Miaka thelathini anavuta vumbi lake. Linaingia puani, linashukia vidoleni.

— Linapita wapi?

— Begani. Ulitaka lipite wapi?

— Mama yangu anasema ni jicho la hasidi, akasema Lamjid. Zulia la mwisho majirani walilitazama sana.

— Mbona zulia halikuvimba?

— Zulia lilifungwa shanga ya buluu. Mbarka hakufungwa.

Wizara akashusha sauti.

— Kule wizarani kulikuwa na faili. Madishi ya televisheni. Mawimbi yanafuata chuma, na mkasi wa mfumaji ni chuma.

— Ulilisoma?

— Nililipangusa.

Lamjid akawasha sigara nyingine.

— Daktari anasema sababu hasa haijulikani. Kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe. Ugonjwa huwapata zaidi wanawake, na wenye ndugu waliougua. Na moshi wa sigara nao umo.

— Mbarka havuti.

— Havuti.

Lamjid akakung'uta majivu, akavuta tena.

Ndipo akaja Zohra, dada yake Mbarka, katoka Susa na fomu mkononi. Walisogea kumpa nafasi, hakukaa.

— Shemeji, kesho nampeleka kwa daktari wa viungo. Wanauliza: asubuhi vidole vinakakamaa kwa muda gani?

— Si umuulize mwenyewe?

— Kasema dakika tano. Marehemu mama yetu naye, alipougua hivi hivi, alikuwa akisema dakika tano. Ndiyo maana nakuuliza wewe.

Lamjid akafikiri.

— Mimi nikiamka, mkate uko mezani.

— Na yeye anaamka saa ngapi?

— Siku hizi saa tisa na nusu ya usiku.

— Anafanya nini muda wote huo?

Tende akachungulia kikombe chake. Lamjid akazima sigara.

Usiku ule, saa tisa na nusu, Lamjid alimfuata mkewe jikoni. Mbarka alikuwa ameketi, mikono kaikunja kwenye kitambaa cha moto, anangoja vidole vikubali.

— Mbona hukuniambia?

— Ungefanya nini?

Lamjid akavuta sinia la unga, akaanza kukanda.

— Maji yamezidi, akasema Mbarka.

Akaongeza unga. Ilipofika saa kumi na moja, Mbarka akaweza kufumba ngumi, na Lamjid akamwamsha Zohra, aliyelala kwao usiku ule, aandike kwenye fomu: si dakika tano, ni saa moja na nusu.