Rangi ya Mbwa wa Pangoni

Tarehe 30 mwezi huu, Ustadh Bilali Shimba anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha dini katika shule yetu ya msingi hapa Usagara. Amefundisha wazazi, akafundisha na watoto wao, na wote aliwasumbua kwa swali lile lile: "Imeandikwa wapi?"

Kila mwaka, akisimulia habari za vijana waliolala pangoni pamoja na mbwa wao, lazima mtoto mmoja aulize mbwa alikuwa wa rangi gani. Ustadh hujibu, "Hatukuambiwa." Basi, kipindi kinaendelea. Chumba cha pili, Mwalimu Nathaniel wa dini ya Kikristo ni hodari wa kujazia. Wanafunzi wake wanajua mke wa Nuhu alipika nini ndani ya safina na jinsi alivyogombana na viboko! Ustadh akipita dirishani huchungulia na kuuliza swali lake, darasa zima likaangua kicheko. Ofisini hubishana mpaka chai inapoa, na hawajawahi kununiana.

Mwaka juzi Bi. Bushra, mkewe Ustadh, alifariki, akazikwa kwao Sengerema. Walimu tulivuka ziwa kwa pantoni kwenda kumpa pole. Tumekaa pale msibani, Nathaniel akashindwa kujizuia. Akasema Bi. Bushra sasa yuko barazani, mahali penye upepo mzuri, ana chai yake ya tangawizi, anatutazama. Jamani, tulitamani ardhi ipasuke! Sote tukamgeukia Ustadh, tukingoja lile swali.

Ustadh akauliza, "Na mimi ananiona?"

Nathaniel alisema tu, "Nadhani, kaka."

Tangu hapo, mtoto akiuliza rangi ya mbwa, Ustadh husema hatukuambiwa, kisha anaongeza, "Haya, wewe unadhanije?" Darasa linalipuka: mweusi, mweupe, wa madoadoa! Sharti lake ni kwamba kila jibu lianze na "nadhani". Yeye hudhani alikuwa wa kahawia, kama yule aliyekuwa akilinda kuku wa Bi. Bushra uani.

Kila Ijumaa baada ya swala amekuwa akivuka kwenda Sengerema kuzuru kaburi, zamani kwa pantoni ya Busisi, siku hizi kwa daraja, na Jumapili jioni anarudi. Safari hii anahama kabisa. Mzee wetu, hujaondoka na tayari tumeanza kukukumbuka. Nani atamchungulia Nathaniel dirishani?

Asante kwa kutufundisha kusema hatujui bila aibu. Mungu akujalie afya, usingizi mzuri na majirani wacheshi. Jumamosi utakapovuka na mizigo yako, kama Bi. Bushra atakuwa anakutazama, hatukuambiwa. Sisi sote, Nathaniel akiwa wa kwanza, tunadhani anakuona.