Dalmas Oloo na Mito ya Mlima Kenya
1936 – 1988

Wakwe zetu mliotoka Kawangware, majirani wa Mashimoni mliopanda basi na jeneza, na nyinyi wenyeji wa hapa Ugenya, poleni na asanteni kwa kufika. Leo ni Jumamosi tarehe 12 Machi 1988, na mvua imetusubiri. Nimeombwa nisome kwa Kiswahili ili wa huku na wa kule tusikie pamoja. Mimi ni mtoto wa baba yake mdogo, na nikikosea mahali, wazee watanirekebisha tukimaliza.

Marehemu Dalmas Oloo alizaliwa mwaka wa 1936 katika boma hili hili, msimu wa kupalilia. Alikuwa kifungua mimba wa mama yetu Aoko. Waliomfuata hawakukaa, ila wa mwisho, Obura, aliyezaliwa 1947. Mama akienda shambani, Dalmas ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni. Mtoto alizoea mgongo ule hata mama akimchukua alikuwa analia.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akaacha baba yake alipofariki mwaka wa 1949. Hakuwa mbaya darasani. Siku moja mwalimu aliwafundisha kuhusu Mlima Kenya, urefu wake na theluji yake. Dalmas akauliza, "Nani anakaa huko juu?" Mwalimu akasema hakuna mtu. Dalmas akauliza tena, "Sasa waliupimia nini?" Alichapwa kidogo kwa hilo, na alipenda kulisimulia.

Mwaka wa 1956 alikwenda Nairobi. Alianza kwa kuosha sufuria hotelini, akajifunza upishi kwa kuangalia, na mwaka wa 1962 akaandikwa mpishi na kampuni ya kupeleka wageni kupanda Mlima Kenya. Alipanga chumba Mashimoni, Kibera. Gari lilikuwa likimchukua kule pamoja na magunia ya viazi, linapita Thika na Nyeri mpaka Naro Moru, hapo wanaingia lango la hifadhi na kuanza kupanda kwa miguu. Wapagazi wengi walikuwa watu wa Nyeri, mkubwa wao akiitwa Nderitu. Mara ya kwanza Nderitu alimwangalia akasema, "Wewe mtu wa samaki, huku tutakula nini?" Dalmas akamjibu, "Mtakula mlichobeba, na mkibeba vibaya mtakula vibaya." Tangu hapo wakawa marafiki mpaka mwisho. Nderitu angekuwa hapa leo, lakini miguu imemkataa.

Aliniambia mambo mengi ya huko. Kwamba baada ya msitu wa mianzi unaingia kinamasi kinachopanda, kila hatua mguu unazama. Kwamba ukiwa juu zaidi kuna mimea mikubwa, mirefu kuliko mtu, inasimama mmoja mmoja kama watu waliovaa makoti, na ukungu ukishuka huwezi kujua kipi ni mmea na nani ni mwenzako. Kwamba asubuhi kwenye kilele cha Lenana wageni wanakumbatiana na kulia, halafu wanataka chai.

Mwaka wa 1967 Obura alimfuata Nairobi. Wakakaa pamoja chumba kile kimoja, na majirani mliopo mnakumbuka vicheko vyao. Obura akaomba kazi ya kubeba mizigo, akapata.

Sasa nifike mahali pagumu. Tarehe 11 Februari 1969 walikuwa juu na wageni, kwenye kibanda cha mwisho chini ya barafu. Obura alishikwa na kichwa, akatapika. Dawa ya ugonjwa ule wa mlimani ni kushuka. Nderitu alikuwa kambi ya chini bondeni, na Dalmas alikuwa na sufuria motoni na wageni wanangoja. Akamvika mdogo wake kofia yake ya sufu, akamwambia ashuke kwa Nderitu. Akamwambia, "Ukungu ukikufunika, tafuta maji uyafuate."

Ndivyo tulivyofundishwa sote hapa tukichunga. Mtoto wa Ugenya akipotea, afuate kijito. Kijito kitamtoa mto Nzoia, na Nzoia kuna watu. Lakini mlima ule maji yake yanatawanyika pande zote. Mengine yanakwenda Tana, mengine yanakwenda Ewaso Nyiro, na kabla ya kufika kwa watu yanapita msitu wa nyati na ndovu. Ukungu ulishuka. Obura alitii. Alifuata maji, lakini hayakuwa maji ya bonde lao.

Askari wa hifadhi na wapagazi walimtafuta wiki nzima. Walipata kofia tu, kando ya kijito, ndani ya mianzi.

Wageni wetu, kwetu mtu akifa na mwili wake usionekane, tunakwenda kuchuma tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kama mkono wa mtu, tunalivika nguo yake na kulizika kwa heshima zote, ili naye awe na kwao. Tulimfanyia Obura hivyo mwezi wa Aprili 1969. Tulimtumia Dalmas habari aje. Mimi ndiye niliyekwenda kumwita Mashimoni. Alikuwa anakata sukumawiki, hakuacha kukata. Akasema, "Mwambie mama mimi sina tunda la kuzika. Mimi nina ndugu amepotea." Hakuja, na hakunyoa nywele za msiba.

Tangu mwaka ule, kila Januari mlima unapokuwa wazi, alichukua likizo yake akapanda peke yake, bila wageni. Kila mwaka alichagua kijito kimoja, akakifuata kutoka juu kwenye barafu mpaka chini kwenye mashamba ya watu, akiita. Nderitu alinieleza kwamba alimkuta mara moja kwenye ukungu, anauita mmea mmoja mkubwa, anausogelea, anaugusa, anakwenda kwa mwingine. Nderitu akamwambia, "Oloo, hiyo ni miti." Akajibu, "Najua. Lakini nikipita bila kuuliza nitajuaje?"

Mwaka wa 1971 alimwoa Waceke binti Gachanja, wa Gatina, Kawangware, aliyekuwa na kibanda cha chai na mandazi. Mzee Gachanja, mwenye ploti, alimkalisha akamuuliza, "Nimesikia unapanda Kirinyaga. Baba yangu aliuelekea mlima ule akiomba, hakuwahi kwenda kumsumbua Mungu nyumbani kwake. Wewe unafuata nini?"

Dalmas akasema, "Baba, kuna mtu wangu huko."

Mzee akavuta ugoro wake. "Basi nenda. Binti yangu usimpeleke."

Hakumpeleka. Waceke alikuwa akimfungia mzigo wa safari na kubaki. Mara ya kwanza aliona mablanketi mawili, akauliza la pili ni la nani. Akaambiwa, "Obura atakuwa na baridi." Hakuuliza tena, na kila Januari alifunga mawili.

Mungu aliwapa binti, Aoko, mwaka wa 1972, na kijana mwaka wa 1975. Kijana alipozaliwa, nyumbani tulifurahi tukatuma neno kwamba aitwe Obura. Kwetu mtu aliyekufa anarudi kwa jina, mtoto analibeba. Dalmas akakataa. "Jina lina mwenyewe," akasema, "na bado analitumia." Mtoto akaitwa Gachanja kwa babu yake wa Gatina. Huko Mashimoni watoto wenzake walimchokoza, "We Mjaluo gani unaitwa Gachanja? Umeibiwa hospitali?" Na yeye akawajibu, "Mimi nimetoka mlimani, uliza baba." Mama yake mzazi alipofariki mwaka wa 1980, Dalmas alikuja akamzika vizuri, lakini alipita pale tulipozika yago kama anapita uwanja mtupu.

Mwaka wa 1984 kifua kilianza kumsumbua. Daktari alimkataza kabisa kupanda, na kampuni ikamwachisha kazi. Januari iliyofuata hakujua akae wapi. Kulipokucha wazi alikuwa anatoka Kibera kwa miguu mpaka Gatina, kwenye ploti ya mkwe wake, kwa sababu pale juu unauona mlima, mdogo, mbali kabisa. Mzee Gachanja naye alikuwa anatoka na kigoda chake kuomba. Waceke aliwakuta wamekaa bila kusalimiana, wote wameelekea upande mmoja.

Mzee akamuuliza, "Unaona nini?"

"Naona ni mbali."

"Hata mimi," mzee akasema. Wakaendelea kukaa.

Walikaa hivyo misimu miwili mpaka mzee alipotutoka.

Agosti mwaka jana Dalmas alikuja hapa bila kutangaza, amekonda, na mfuko mmoja. Hakuingia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja pale kwa Obura, akasimama sana, kisha akaomba maji na wembe. Bibi mkubwa wa boma akamnyoa nywele zote, miaka kumi na minane baada yetu. Hakulia. Alipomaliza alijipapasa kichwa, akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Miaka yote hii nilikuwa na ndugu. Sasa ndiyo niko peke yangu."

Akarudi Mashimoni. Waceke anasema hakuutaja tena mlima, alikuwa mpole tu, anakaa mlangoni. Kifua kilimzidi mwezi wa Februari, akalazwa, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 3 Machi 1988 akatuacha, mkono wake ukiwa kwa mke wake.

Kwa kuwa hakujenga boma lake, tumemchimbia hapa katika boma la baba yake, kando ya Obura. Wazee walibishana kidogo kuhusu upande, lakini hilo lilikwisha.

Marehemu ameacha mjane wake Waceke, binti yake Aoko, kijana wake Gachanja, wakwe wa Gatina, rafiki yake Nderitu wa Naro Moru, na sisi ndugu wa ukoo. Alitanguliwa na baba yake, mama yake Aoko, na ndugu yake Obura. Jina hili la mwisho tusingeliweka hapa kama asingekuja mwenyewe Agosti kutupa ruhusa.

Dalmas, mwana wa mama, lala sasa. Mungu akupe amani, na akupe mtu wa kukuitikia.