Ipashe Moto Kwanza, Kaka

Wapendwa, Bwana asifiwe. Kamwene. Na wageni wetu mliotoka Makete, poleni na safari. Mchungaji ameniomba nishuhudie kwa ufupi na kwa upole. Ufupi nitajitahidi. Jina la mtu sitataja. Anayejijua atajijua hapo hapo alipokaa.

Wengi mnanifahamu. Mimi ndiye yule mama niliyekuwa nauza masweta ya mtumba sokoni, halafu nikafungua kibanda cha gemu pale mtaa wa Ramadhani, ukuta kwa ukuta na jirani yangu anayeuza viazi. Najua mlisema, mama mzima na gemu wapi na wapi. Nikawajibu kwamba vijana wenu wakikaa kwangu kucheza mpira wa kwenye televisheni, hawakai vilabuni kunywa ulanzi. Kazi ikaenda vizuri mpaka mashine zangu kuukuu zikachoka, nikaanza kutafuta mpya.

Kule Makambako, karibu na njia panda, kuna bwana mmoja ana duka la vifaa vya umeme. Alikuwa ameleta mashine mpya za gemu za bei nafuu, aina ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia. Zinang'aa, boksi limepambwa, na yeye mwenyewe ana maneno matamu. Aliniita mama yangu mzazi. Ndugu zangu, mfanyabiashara akikuita mama yake mzazi, shika mkoba wako vizuri. Mimi sikushika. Niliuza masweta yote yaliyobaki, nikauza na cherehani niliyoachiwa na marehemu mama, nikarudi Njombe na mashine tatu pamoja na pedi zake.

Akina mama, msitazamane hivyo. Pedi za gemu ni vile vidude vya kushika kwa mikono miwili, vina vitufe vya kupigia mpira na vijiti vya kumwendesha mchezaji. Haya, tuendelee.

Niwaeleze na sheria ya kibanda, maana bila hiyo hamtanielewa. Anayefungwa ndiye anayelipa. Aliyeshinda anabaki kwenye benchi bure, anamsubiri mwingine. Sikuitunga mimi, vibanda vyote viko hivyo. Kwa sheria hiyo kufungwa kunauma mara mbili, kwa sababu mtu anachekwa na wakati huo huo anaingiza mkono mfukoni.

Basi, haukupita muda pedi ya kwanza ikaanza vituko. Kijiti hujakigusa, mchezaji anaondoka mwenyewe kwenda kushoto, anakimbia mpaka kwenye kibendera cha kona na kusimama huko kama anasubiri basi la Songea. Ikafuata ya pili. Ikafuata na nyingine ambayo kitufe cha kupigia kilikuwa kinazama na hakirudi, mpaka ukichokoe kwa ukucha. Vijana wakaanza kugombana. Aliyefungwa anasema, silipi, mimi sijafungwa, imefungwa pedi. Aliyeshinda anasema, hayanihusu, sheria ni sheria.

Nikampigia yule bwana simu. Akacheka kwa upole, akasema, "Mama yangu, hiyo ni baridi ya Njombe. Mafuta ya ndani yanaganda. Zipashe moto kidogo zitakaa sawa."

Nikamwamini! Msinicheke, nani hapa hajaamini jambo kwa sababu ya baridi? Mwezi wa saba kwetu mafuta ya kula yanaganda kwenye chupa, sabuni ya maji inaganda, mzee wangu mmoja hata meno yake ya bandia anayapasha kabla ya kuyavaa. Kwa nini pedi isigande? Nikawa nazifunga kwenye sweta usiku kama vichanga. Asubuhi naweka jiko la mkaa katikati ya kibanda na kuzipanga kulizunguka. Wateja wakifika wananikuta nazigeuza kama mahindi ya kuchoma. Siku moja nikatoka kumpokea jirani gunia la viazi, kurudi nakuta pedi moja imelala ubavu, imeyeyuka, kijiti kimeinama.

Nikaifunga kwenye gazeti, nikapanda gari kwenda Makambako. Duka limejaa watu. Yule bwana akaipokea, akainyanyua juu kila mtu aione, akasema, "Huyu mama amekaanga pedi! Mama, ulitia na chumvi?" Duka zima likacheka. Nikamwambia, si wewe uliyeniambia nizipashe? Akasema yeye hajawahi kutamka neno kama hilo tangu azaliwe, na kwamba kifaa kilichochomwa moto hakina garantii. Nikatoka huku nimeshika gazeti langu. Nililia barabarani, ndugu zangu, upepo wa Makambako unanipulizia vumbi kwenye machozi, uso ukawa tope.

Lakini hilo silo lililoniangusha. Kilichoniangusha kilikuwa nyumbani.

Kijana mmoja dereva wa bodaboda alifungwa mfululizo akiwa na ile pedi ya kwenda kushoto. Ikafika mahali akasimama, akapiga teke benchi na kusema kwa sauti, "Hapa pana kitu! Kwa nini wachezaji wote wanavutwa kushoto? Kuna kitu kimefukiwa upande ule!" Neno likatoka, likaenda. Jioni lilishafika sokoni, Jumapili likaingia humu ndani kabla yangu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, ndivyo mlivyoambiana pale nje kwenye ngazi. Mkasema nimekwenda kwa mganga ili watu wafungwe na walipe.

Mtaa ukaja na jembe. Wakachimba sakafu yangu yote ya upande wa kushoto, mbele ya macho yangu. Walipata kizibo cha soda na kiazi kimoja kilichooza. Na hicho kiazi nacho wakakijadili! Jirani yangu wa viazi ndiye aliyejitokeza, mikono kiunoni, akawaambia, "Upande wa kushoto si ndiko niliko mimi? Mbona sijaona mtu akivutwa kuja kwangu? Hicho kiazi ni changu, panya kakiingiza. Nirudishieni, au mnataka kukipeleka hospitali?"

Walicheka wakaondoka, lakini wakaamuru kibanda kifungwe mpaka itakapoonekana vinginevyo. Na hapa kanisani, mimi niliyepitisha kikapu cha sadaka kwa miaka, niliitwa pembeni nikaambiwa nipumzike kwanza, mpaka maneno yapoe. Nipumzike! Mikono hii! Nilikaa safu ya nyuma kabisa, na kuna dada mmoja alisogeza mkoba wake nilipoketi. Hilo nalo nimelihifadhi.

Nawaambia ukweli mbele ya madhabahu hii, nilimchukia yule bwana. Nilipika nikimchukia, nikafua nikimchukia. Mchungaji alikuja nyumbani akaniambia nimwachie Mungu. Nikamjibu, baba, nimemwachia, ila namuomba aniruhusu niwepo akianza. Sikutaka aibiwe wala augue. Nilitaka aone aibu mchana, mbele za watu, na aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba pedi zile ni mbovu. Jina langu lilikuwa ndani ya mdomo wa mtu yule, nilitaka alitapike.

Siku moja yule kijana wa bodaboda akaja kuniomba radhi, kofia mkononi. Alikuwa ametoka kupeleka abiria Makambako, akamkuta yule bwana ametoa televisheni nje ya duka, amevaa kipaza sauti cha kichwani, anaita watu wajaribu mashine. Akasema, "Mama, nimeicheza ile ya mezani kwake. Haivuti hata kidogo. Zile za maonyesho amezichagua, mbovu anafungia kwenye maboksi."

Nikamwambia, kama umekosea kweli, usinipe pole. Nifundishe kufunga mabao.

Akanifundisha. Tulikuwa tunacheza nyumbani kwangu, kwenye ile mashine yangu kuukuu. Mwanzoni nilikuwa nafunga golini kwangu mwenyewe na kushangilia. Jirani wa viazi akawa mtazamaji wetu, anamenya viazi huku anamtukana mwamuzi. Kidogo kidogo vidole vikazoea. Mtu aliyeshona kwa cherehani ya kuzungusha, ndugu zangu, vidole vyake vinafundishika.

Nikachagua siku ya mnada, watu wakiwa wengi. Tukaenda watatu, mashine zake tumezibeba. Jua lilikuwa linawaka Makambako, hata sweta nilivua. Yule bwana alikuwa nje, kipaza sauti kichwani, anapiga kelele. Nikapita katikati ya watu na kumpa shikamoo kwa makusudi, ingawa ni mdogo wangu. Akaitikia! Watu wakaguna.

Nikatoa pedi kwenye kanga, moja ya zile alizoniuzia, ambayo sasa ilikuwa na magonjwa yote mawili, kuvuta na kuzama. Nikasema, "Kaka, uliniambia hii ni nzima, tatizo ni baridi ya Njombe. Leo jua lipo. Shika hii wewe, mimi nishike ya kwako ya mezani. Kama zote ni nzima, zinatofautiana nini? Kwetu sheria ni moja, anayefungwa analipa. Ukinifunga, naondoka na sitakusumbua tena. Nikikufunga, unachukua takataka zako zote na kunipa mashine za maana."

Akataka kunipuuza. Lakini angesema nini? Akikataa pedi, amekiri. Na watu walishaanza: "Cheza naye! Unamwogopa mama?" Akaketi. Akaivuta ile pedi kwa vidole viwili, na hapo nikasema lile neno nililolibeba moyoni miezi yote ile:

"Ipashe moto kwanza, kaka."

Mpira ukaanza. Mchezaji wake akapokea pasi, akageuka kushoto, akakimbia mpaka kwenye kibendera cha kona, akasimama. Nikamfunga. Akaanza tena, wachezaji wake wanaondoka mmoja mmoja kwenda kushoto kama wameitwa kula. Nikamfunga. Jirani yangu anapiga vigelegele, "Mtilie chumvi! Mtilie na chumvi!" Kitufe chake kikazama, akawa anakichokoa kwa ukucha, jasho linamtoka, mimi napita. Mzee mmoja nyuma akasema, "Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu." Sikumwonea huruma hata kidogo. Nilikuwa nakumbuka jembe kwenye sakafu yangu, kila bao nikawa nalipiga kwa ajili ya tundu moja.

Bao la tano lilipoingia akaitupa pedi chini, akamfokea msaidizi wake wa dukani, "Nilikwambia mzigo huu wote pedi ni mbovu tangu bandarini! Mbovu! Kwa nini ulimwachia huyu mama asogee hapa?"

Alisahau kipaza sauti kichwani. Neno "mbovu" lilifika stendi likarudi.

Halafu mtu mmoja akasogea, akasema ametoka Ludewa, kandokando ya ziwa, anazo mashine zile zile. "Mimi uliniambia ni joto la ziwa. Ukaniambia nizitie kwenye friji." Mwingine wa Makete akasema, "Mimi nimezichimbia kwenye majivu!" Watu walicheka mpaka wakaketi chini. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia pale kwenye kiti cha plastiki. Alichukua mashine zangu, akatoa zile za aina nzuri alizokuwa akizificha kwa wateja wakubwa. Mimi nikazijaribu pale pale, pedi moja baada ya nyingine, wala sikuwa na haraka.

Tulipofika Njombe, video waliyopiga watu pale mnadani ilishatutangulia. Kila simu inasema "mbovu". Waliochimba sakafu wakaja na saruji, wakaziba wenyewe, na kibanda kikafunguliwa. Sikuwapa hata chai.

Sasa, shukrani. Namshukuru Mungu aliyeniruhusu niwepo. Namshukuru jirani yangu wa viazi, simama mama wakuone, mtu asiyeogopa kiazi chake mwenyewe. Namshukuru kijana wa bodaboda, aliyenichafua kwa mdomo akanisafisha kwa mikono. Namshukuru na mchungaji kwa kunifundisha kusamehe. Baba, bado niko darasa la kwanza.

Na fundisho langu ni hili. Kitu kikivuta kushoto, kabla hujachimba nyumba ya mwenzako, kishike mwenyewe kwanza ukijaribu. Muulize mwenye nacho. Kaa naye kwenye benchi. Mimi hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kushika ile pedi. Hata mmoja.

Lakini yamepita. Wiki hii mzee wa kanisa amekuja kwangu, akaniomba nishike tena kikapu. Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Leo sadaka naipitisha mimi. Nitapita safu kwa safu, polepole, na kila mmoja nitamtazama machoni mpaka atoe mkono mfukoni. Dada yangu mwenye mkoba, nitaanzia kwako.

Amina. Tusimame.